Mguu wa Kulia wa Wifi Yangu

Kwanza niliweke sawa jambo moja, kwa sababu limezungushwa mtaani mpaka limeota mikia: wifi yangu hakushona akiwa nusu uchi. Alikuwa amevaa vazi la kuogelea la samawati, lenye mikono mpaka kwenye viwiko na miguu mpaka magotini, alilolishona mwenyewe kwa mishono ya kurudia, na juu yake alikuwa amejifunga taulo kubwa. Kichwani alivaa kofia ya mpira. Kofia hiyo, nakiri, ilimfanya afanane na yai. Lakini uchi, hapana. Katika familia hii hakuna aliyewahi kuonekana nusu uchi hadharani, na hatutaanza na mwanamke wa miaka sitini na mmoja.

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Wanangu humwita Shangazi, mtaa mzima humwita Fundi. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba: dirisha moja, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na cherehani ya kukanyaga ambayo ameikalia kwa miaka arobaini na mmoja. Mimi nilikuwa mwalimu, nikastaafu nikiwa makamu mkuu wa shule, na kila gauni nililosimama nalo mbele ya wanafunzi lilitoka chini ya sindano yake. Hakuna hata moja lililowahi kunifumukia. Mwenye kutaka kumjua wifi yangu anaweza kuishia hapo akawa amejua mengi.

Miaka minane iliyopita magoti yake yalianza kugoma. Daktari akamwambia achague: apumzike au aogelee. Kupumzika hajui. Akaenda kwenye bwawa la manispaa, akamkuta kocha wa kike ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, akamwambia, "Mwanangu, nifundishe kuelea. Nikizama, wewe ndiye utakayewapa wateja wangu maelezo." Alijifunza kuogelea kama alivyojifunza kushona, kwa kukosea na kufumua. Mwaka haujaisha alikuwa anakwenda na kurudi mara ishirini kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kwa mtindo wa chura, taratibu, kichwa juu, akiwasalimia watu wa njia za jirani.

Angeishia hapo tungekuwa na amani. Lakini bwawa lile lina mashindano ya watu wazima kila mwaka, na kuna mbio ya wanawake waliovuka hamsini: mita hamsini, yaani kwenda mara moja na kurudi mara moja. Wifi akajiandikisha. Na hapo ndipo mguu wa kulia ulipoanza kutuaibisha.

Nieleze vizuri. Mwogeleaji akipanda kwenye jukwaa la kurukia, mwamuzi husema, "Jiandaeni." Hapo unainama, mikono mbele, macho chini, pumzi umeibana, na unatulia tuli mpaka honi ilie. Ukitikisika kabla ya honi, umeondolewa. Hakuna rufaa. Sasa mtazame fundi cherehani. Anapoweka kitambaa chini ya sindano anafanya nini? Anainama, mikono mbele, macho chini, anabana pumzi. Halafu mguu wa kulia unakanyaga. Miaka arobaini na mmoja! Mguu hauulizi tena ruhusa.

Mwaka wa kwanza mwamuzi alisema "Jiandaeni," wifi akainama, mguu ukakanyaga hewa, naye akaingia majini peke yake kama gunia. Mwaka wa pili Kocha akamwambia aanzie majini, ashike ukuta. Mguu ukakanyaga ukuta; akatoka kama mshale. Mwaka wa tatu alirudi juu ya jukwaa akiwa ameapa. Aliinama, akakanyaga, akajaribu kujizuia angani, akapiga kelele "Hapanaaa!" mpaka majini. Siku ile watu wa bwawani walimbandika jina: Kabla ya Honi.

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Matokeo hubandikwa mlangoni kwa wiki nzima, majina kamili mpaka la ukoo, na palipotakiwa kuandikwa muda wake paliandikwa AMEONDOLEWA. Miaka mitatu mfululizo. Baba mkwe wangu alikuwa karani wa mahakama, mtu aliyeandika majina ya wenzake maisha yake yote na lake likabaki safi. Nilipita mlangoni pale nikaliona jina lake limekaa jirani na neno lile, nikahisi nimemwagiwa maji ya barafu.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya mashindano, Kocha alikuja dukani. Alikaa kwenye kiti cha wateja akawa anazungusha funguo.

"Mama, nakupenda, unajua."

"Sema tu, mwanangu. Mtu akianza hivyo najua suruali imembana."

"Kamati imesema njia ni nane na wanaotaka kuingia ni kumi na mmoja. Ukiondolewa tena mwaka huu, hawatakuandikisha tena. Nimewabembeleza, wamekataa."

Wifi akavuta kitambaa akaendelea kukata. Siku mbili nzima hakufanya mzaha, na hilo halijawahi kutokea tangu nilipoolewa nyumba ile. Jioni ya siku ya pili aliniambia bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, "Wifi, mimi sitaki kushinda. Nataka nifike ng'ambo nirudi, watu wakiniona. Mara moja tu. Kila siku naogelea mara arobaini na hakuna aliyeandika popote."

Nikamwambia nitakwenda naye. Nilivaa gauni langu la zambarau na viatu vya kisigino kifupi, kwa sababu kama tunaaibika, angalau mmoja wetu awe amepiga pasi.

Bwawa hufunguliwa dakika arobaini kabla ya mbio ili washindani wapashe misuli moto. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilidhani watu hujinyoosha kidogo wakasubiri. Kumbe ni kama soko siku ya sikukuu, ila limezamishwa! Kila njia ina watu sita au saba, wanaogelea kwa kuzunguka, upande wa kulia kwenda, upande wa kulia kurudi, wanafuatana kama nguo kwenye kamba. Ni marufuku kuruka. Unaingia kwa miguu, umeshika ukingo. Mama mmoja mkunga, mwenye mabega kama mlango wa ghala, alikuwa anaogelea chali huku anaimba. Wengine walikuwa kandoni wakizungusha mikono kama feni. Mzee mmoja alijipiga makofi mapajani na mgongoni mpaka nikataka kumwamulia. Maji yalirukaruka, mwangwi ulikuwa mkubwa, na harufu ile ya dawa ya maji ilinipanda kichwani mpaka nikajikuta natabasamu bila sababu.

Wifi hakuwemo.

Nilimtafuta vyumba vya kubadilishia nguo, hayupo. Nikasikia sauti ninayoijua kuliko mlio wa simu yangu: trrrrrr, trrrrrr. Ilitoka kwenye stoo ya taulo. Nikasukuma mlango.

Katikati ya rafu za taulo, chini ya balbu moja, palikuwa na cherehani kuukuu ya kukanyaga, ya bwawa, ya kushonea taulo zilizochanika. Na mbele yake, na kofia yake ya mpira, amekaa wifi yangu, anashona. Mzee wa taulo, mtunza stoo, alikuwa amesimama pembeni anamwangalia kama mtu anayeona gari lake linaendeshwa na dereva wa kweli kwa mara ya kwanza.

"Wifi! Wenzako wako majini!"

"Wanapasha mwili, na mimi napasha. Kila mtu na jiko lake."

"Unashona taulo za watu dakika thelathini kabla ya mbio?"

"Mguu unawasha, wifi. Nimeona heri niushibishe. Ukila sana sasa hivi, huko juu utalala."

Mzee wa taulo akasema kwa unyenyekevu, "Mama, hii mashine haijawahi kushona mstari ulionyooka tangu niajiriwe, miaka tisa sasa."

"Ulikuwa hujaitia mafuta, baba. Hata wewe ukinyimwa chakula miaka tisa utakwenda upande."

Hapo mlango ukafunguliwa tena, akaingia mkunga, anachuruzika maji, ameshika bega la vazi lake. Mkanda ulikuwa umekatika. Ndiye aliyeshinda mbio hii miaka miwili iliyopita. "Nimesikia kuna fundi," akasema, na macho yalipomwangukia wifi yangu akaangua kicheko mpaka akaegemea rafu. "Kabla ya Honi! Ni wewe?"

"Ni mimi. Geuka. Usiponyamaza nakushonea na mdomo."

Ni wakati ule, wifi alipoinama kuweka mkanda chini ya sindano, nilipoona. Mikono mbele, macho chini, pumzi ameibana. Nimefundisha miaka thelathini na mbili. Nikiona mwanafunzi anakosea kitu kilekile kila mwaka, simpigii kelele, namrudisha palepale anapokosea. Na palepale palikuwa hapa, si kule kwenye jukwaa.

"Simama!" nikasema. Mguu ulikuwa umeshakanyaga. "Toa mguu. Anza upya. Inama kama hivyo, lakini usikanyage mpaka nikuambie."

"Wifi, huyu mama analowesha sakafu."

"Aloweshe. Jiandae."

Akainama. Nikahesabu moyoni moja, mbili. Mguu ukakanyaga, trrr.

"Umeondolewa," nikasema.

"Nyumbani kwangu unaniondoa!"

"Hapa si nyumbani kwako, ni stoo ya taulo. Jiandae."

Mara ya pili, umeondolewa. Mara ya tatu, umeondolewa, na mkunga akaanza kulalamika kuwa anapata baridi. Mara ya nne mguu ulitetemeka juu ya kikanyagio kama kuku aliyeona mwewe, lakini ukakaa. Sasa nikahitaji honi, na honi sikuwa nayo. Basi mimi, makamu mkuu wa shule mstaafu, mjane wa mpima ardhi, nikabana pua nikatoa sauti nyembamba kabisa kadiri nilivyoweza:

"Piii!"

Trrrrrr! Mkanda ukashonwa.

Sitaficha kilichofuata, kwa kuwa mashahidi walikuwa wengi. Habari zilifika bwawani kwamba stoo kuna fundi anashona bure, na mlango ukajaa. Mmoja kamba ya miwani imechomoka, mwingine vazi limefumuka ubavuni, mwingine hana lolote amekuja kucheka tu. Kila mmoja alipowekwa chini ya sindano, nilisema "Jiandae," watu wote wakanyamaza wakabana pumzi, nikakaa nao, mara sekunde mbili, mara tano, mara kumi, halafu "Piii!" na cherehani ikaitika. Watu wakashangilia kila mshono. Mzee wa taulo alifuta machozi kwa mali ya manispaa. Nilimkuta mtu mzima, meneja wa benki, anaingia mara ya pili na vazi lilelile.

"Si nimeshakushonea?" wifi akamuuliza.

"Nimelichana tena kidogo, mama. Nilitaka kusikia honi."

Mara kumi na saba mfululizo mguu haukukanyaga kabla ya sauti yangu. Nilihesabu. Wifi alikuwa anang'aa kwa jasho, mashavu yamemwiva, macho yanacheka. "Mwalimu," akaniambia, na hajawahi kuniita hivyo, "mguu umekubali kwenda shule."

Kocha akaingia mbio na filimbi mkononi. "Mama! Zimebaki dakika sita maji yafungwe! Hujalowa hata kidole!"

Wifi akatupa taulo akakimbia. Aliingia majini kwa miguu, kwa adabu, akaenda na kurudi mara mbili nyuma ya mkunga, anapuliza mapovu kama birika, na kila alipopita mbele yangu alinyanyua mkono kunipungia, jambo ambalo katika mtindo wa chura linakufanya uzame. Alizama mara tatu. Kila mara aliibuka anacheka. Nami nilijikuta nampungia, na gauni langu la zambarau.

Filimbi ikalia, bwawa likatolewa watu, maji yakatulia. Nilikaa jukwaa la watazamaji, safu ya tatu, mkoba magotini. Wanawake wanane wakapanda. Wifi alikuwa njia ya nane, ukutani. Watu walimtambua. "Kabla ya Honi!" wakaita kutoka juu, na wengine, "Fundi! Fundi!" Akainua mkono kama mgombea. Kisha mwamuzi akanyamazisha wote.

"Jiandaeni."

Akainama. Mikono mbele, macho chini. Niliutazama mguu ule wa kulia kama ninautazama mtihani wa mwanangu. Kidole gumba kikacheza. Kikatulia. Sekunde moja. Mbili.

Honi ikalia. Na honi ya bwawa lile si nyembamba. Inanguruma: mboooo, kama lori linalorudi nyuma.

Wanawake saba waliruka. Wifi yangu hakuruka.

Alibaki ameinama palepale, ametulia kama picha ukutani, mikono mbele, pumzi ameibana. Watu wakaanza kupiga kelele. "Ruka, mama! Ruka!" Kocha anarukaruka ukingoni. Wifi hatikisiki. Mkunga alikuwa ameshafika robo ya bwawa. Na mimi nikaelewa. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Mara kumi na saba nimemwambia asikanyage mpaka asikie sauti yangu, na sauti yangu hakuisikia. Ngurumo ile kwake ilikuwa kelele za mtaani tu.

Watazamaji walikuwa karibu mia tatu. Safu ya mbele yangu walikaa watu wawili niliowafundisha, mmoja sasa ni diwani. Nilitazama mlango, nikatazama jukwaa, nikamwona amejikunja pale peke yake, anasubiri kwa utiifu ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipa. Nikasimama. Nikabana pua.

"Piiiiiii!"

Wifi aliondoka juu ya jukwaa kama kizibo cha soda.

Nasikia ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa nashuka ngazi. Nilikuwa nimeshafika ukingoni, viatu mkononi, natembea sambamba naye. Aliogelea kama anavyoogelea asubuhi zote, taratibu, kichwa juu, uso umechanua. Wenzake walimpita wakirudi. Mkunga alimaliza, akashika ukuta, akageuka kutazama. Wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, wote wakabaki majini wamening'inia kwenye kamba, na badala ya kujipongeza wakaanza kupiga maji kwa viganja: pa, pa, pa. Juu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo uleule. Wifi alifika ng'ambo. Akagusa ukuta kwa mikono miwili, kama kanuni inavyotaka. Akageuka. Akarudi.

Alipobakiza mita tano nilikuwa nimechuchumaa, gauni limelowa hadi kiunoni, nasema maneno ambayo sitayaandika. Akagusa. Mikono miwili. Mpima muda wa njia ya nane akabonyeza saa yake akainua mkono.

Nikainama nimkumbatie. Lakini wifi alivuta pumzi, akanikonyeza, akausukuma ukuta kwa mguu wa kulia akaondoka tena.

"Mama!" Kocha akapiga kelele. "Umemaliza! Mama, zimeisha!"

Mwamuzi akapuliza filimbi. Akapuliza tena. Akaanza kumfuata pembeni, anapuliza, wifi anamsalimia kila anapoinua kichwa. Watu walisimama wote. Kwenye njia zile nyingine wanawake saba walikuwa wanacheka mpaka wanakunywa maji. Nilimshika mwamuzi mkono.

"Muda wake umeandikwa au haujaandikwa?"

"Umeandikwa, mama. Lakini mbio inayofuata..."

"Basi hajaondolewa?"

Alinitazama, akatazama kofia ile nyeupe inayokwenda ng'ambo. Midomo ilimcheza. "Hajaondolewa. Kanuni haisemi chochote kuhusu mtu kuzidisha."

"Basi usimpulizie. Unampotezea pumzi."

Akashusha filimbi. Mbio ya wanaume waliovuka sitini ilisubiri, wazee wanane wamesimama na kaptura zao za kuogelea wakipiga makofi pamoja na kila mtu. Aliporudi, alishika ukuta karibu na miguu yangu, akavua miwani, uso umejaa alama za mpira.

"Wifi, umerukwa na akili?" nilimuuliza. "Ulikuwa umefika!"

"Najua," akasema, anahema na kucheka kwa pamoja. "Niliona nimefika, nikaona bado nina hamu."

Tulimvuta mimi na Kocha na mkunga, watu watatu, na bado alitulemea, tukaangukiana wote ukingoni katika rundo la maji na vicheko, na diwani yule akatupiga picha.

Karatasi ya matokeo ilibandikwa saa nane mchana. Nafasi ya nane: jina lake, jina la baba yake, jina la ukoo, kisha dakika moja, sekunde arobaini na sita nukta tatu. Nilikwenda kuisoma. Nikatembea kidogo, nikarudi kuisoma tena. Mzee wa taulo alikuwa amesimama pale, kifua mbele, anawaonyesha watu kwa kidole: "Huyu hapa, wa nane. Sekunde kumi na mbili za mwanzo hakuwa majini kabisa, mkumbuke kuzitoa."